UZI: Tunaomwambia Mungu "sina muda", hebu tuzungumze kuhusu kujiepua

Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleykum. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika vipande vipande kwa siku nne ndani ya basi la mwendokasi, kati ya Kimara na Kivukoni.

Nauza chakula cha mchana maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Mwaka wa tisa huu. Nilianza na hotipoti mbili za wali maharage, sasa natoa sahani 140 siku ya kawaida na nina wasaidizi watatu. Naamka saa tisa usiku. Saa kumi na nusu niko Mabibo nachagua ndizi na nyanya, saa kumi na mbili majiko yanawaka, saa sita mchana wateja wa kwanza wanafika. Saa kumi na moja jioni nimesimama kituoni nasubiri basi la kurudi. Saa tatu usiku nachambua mchele wa kesho huku napokea oda kwenye simu. Jumamosi ni kipaimara, sendofu na harusi za watu. Jumapili nilikuwa napika pilau la oda, kwa sababu wanaotoka kanisani nao wanataka kula vizuri.

Ratiba hii simlalamikii mtu. Imenisomeshea watoto na imeezeka nyumba ya mama yangu kijijini. Lakini miezi mitano iliyopita lilitokea jambo.

Jioni ya Jumanne nilimwambia mwanangu wa mwisho, ana miaka saba, aombee chakula. Akafumba macho, akaunganisha viganja kama alivyofundishwa shule ya Jumapili, akasema: "Mungu asante kwa ugali, mama ana haraka, amina." Hakuwa anatania. Anaamini ndivyo sala inavyofungwa, maana ndivyo anavyonisikia. Kila usiku nikimwombea kabla hajalala, mkono mmoja uko kichwani kwake na wa pili umeshika simu. Neno la mwisho kabla ya amina ni "haya, lala, nina haraka".

Ugali ulinishinda kumeza usiku ule.

Nikaanza na njia tunayohubiriwa wengi: amka mapema zaidi. Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka "alfajiri na mapema sana" akaenda kuomba, basi na mimi nikasogeza kengele ya simu kutoka saa tisa hadi saa nane usiku. Wiki ya kwanza nilisinzia nimepiga magoti. Wiki ya pili, siku ya Jumatano, nilikuwa nakatakata vitunguu huku macho yanajifunga, kisu kikanipitia kidole cha shahada. Nyuzi nne. Nikiwa na bandeji ndipo nikakutana na Zaburi 127:2, mstari ambao nimeuimba kwaya miaka mingi bila kuusikia: kazi yenu ni bure ninyi mnaoamka mapema na kukawia kwenda kulala, na kula chakula cha taabu, yeye humpa mpenzi wake usingizi. Humpa. Kumbe usingizi nao ni zawadi yake, na mimi nilikuwa namwibia zawadi aliyonipa ili nimrudishie kama sadaka.

Halafu nikafika Luka 5:16. Biblia yetu ya Kiswahili ya Muungano inasema: "Lakini yeye alikuwa akijiepua, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba."

Akijiepua! Wataalamu wa lugha wataniambia neno hilo ni ndugu na kuepuka, na kwamba maana yake hapo ni kujitenga. Sawa. Lakini mimi ni mpishi, na kuepua nakujua kwa mikono. Ni kuitoa sufuria motoni. Tena huepui kwa kuwa moto umezimika. Unaepua moto ukiwa unawaka, makaa mekundu, kwa sababu kilichomo kimefikia mahali ambapo dakika tano zaidi zitakiharibu. Maharage ukiyachelewesha maji yakakauka, yanashika chini, na ile harufu ya kuungua inapanda sufuria nzima. Hapo hata uongeze maji na nazi ya pili, mteja atajua. Na wali ndiyo zaidi: ukishakauka unauepua kwenye moto mkali, unauweka kwenye moto mdogo, unapalia makaa juu ya mfuniko na kuuacha. Ukiendelea kufunua na kugeuza kila mara unapata bokoboko.

Sasa someni mstari wa 15, uliotangulia. Habari zake zilizidi kuenea, makutano mengi wakaja wamsikilize na kuponywa magonjwa yao. Yaani wateja walikuwa ndiyo wanafurika. Wagonjwa wa kweli, wenye shida ya kweli, foleni haijaisha. Na hapo ndipo alipojiepua. Na "alikuwa akijiepua" si jambo la siku moja, ni mazoea.

Mimi miaka yote nilikuwa nasubiri moto uzimike. Watoto wakimaliza shule. Mkopo ukiisha. Msimu wa harusi ukipita. Moto wa Dar hauzimiki, ndugu zangu.

Basi nikakata mambo mawili. La kwanza ni oda za Jumapili, zote. Faida yake ilikuwa kama 90,000 kwa kila Jumapili, kwa hiyo nimeacha takribani 360,000 kwa mwezi na naomba asije mtu kuniambia hazikuuma. Wateja wawili wakubwa wamehama. Mmoja alinijibu "sawa" tu, hajanisalimia mpaka leo.

Na hapa niseme jambo linalonitesa kuliko yote. Miaka ile nilikuwa nahudhuria ibada ya kwanza kila Jumapili, nimependeza, naimba, naamini nimeitunza siku ya Bwana. Wasaidizi wangu walikuwa jikoni tangu saa kumi alfajiri. Nilipowatangazia kwamba Jumapili hakuna kazi, mmoja, ni Mkatoliki, alinyamaza kidogo halafu akasema taratibu, "Mama, mimi misa nilishaacha kuiulizia." Nenda kasome Kutoka 20:10. Amri haiishii kwako. Inataja mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, mpaka mnyama wa kufuga na mgeni aliye ndani ya malango yako. Mimi nilipumzika juu ya mgongo wa binti wa watu, nikamwita Mungu shahidi.

La pili ni dakika ishirini za kila siku. Saa nane na nusu, chakula kikiisha na kabla ya kuosha vyombo, navua aproni natembea hadi Azania Front, lile kanisa la tangu 1898 lenye mnara, linaloangalia bandari. Simu naiacha jikoni. Mlango ukiwa wazi nakaa benchi la nyuma, ukiwa umefungwa nakaa nje kivulini. Honi za vivuko vya Kigamboni zinasikika pale. Siku ya kwanza nilihesabu wanaonidai na ninaowadai mpaka muda ukaisha. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu nikaanza kusoma zaburi moja tu, polepole, mara tatu, halafu nanyamaza.

Sijaona maono. Ila juzi nikirudi jikoni niliona macho ya yule binti yamevimba, nikamuuliza, akaniambia jambo ambalo amekuwa nalo tangu Pasaka. Tangu Pasaka nilikuwa nampita nikimwambia "lete mfuniko".

Nataka kusikia kwenu. Nyie mnajiepua vipi?

Mchangiaji 1 (dereva bodaboda)

Mama, shikamoo. Uzi mzuri ila niseme ukweli, haya ni ya mtu mwenye biashara yake. Mimi pikipiki ya mtu. Hesabu, yaani pesa ninayompelekea mwenyewe, ni 10,000 kila siku, Jumapili imo, mvua imo, nikiumwa imo. Nikijiepua Jumapili naichomoa wapi hiyo? Bosi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Hesabu anaipokea kwenye simu akiwa kanisani.

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Sikukusudia kukuongezea mzigo, na nisamehe kama nilivyoandika kumekuumiza.

Nimefikiria swali lako usiku mzima. Naona amri ya Sabato haikuanza kwa kumsema mtumwa apumzike. Ilimwambia mwenye mtumwa. Kumbukumbu la Torati 5:14 inaeleza sababu, ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vile vile kama wewe, na mstari wa 15 unawakumbusha kwamba na wao walikuwa watumwa Misri. Kwa Farao hapakuwa na siku ya kupumzika. Kutoka sura ya 5, Musa na Haruni wanaomba watu waende kumfanyia Mungu sikukuu, Farao anajibu kwa kuwanyima majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali inabaki ile ile. Hesabu! Na anawaita wavivu. Kwa hiyo wa kuulizwa hapa ni bosi wako kabla yako wewe. Wenye pikipiki na bajaji mnaosoma hapa: hesabu ya siku sita haiwezekani? Mimi nimeweza kuacha 360,000.

Mchangiaji 2

Mimi ni Msabato, mzaliwa wa Upare, na kwetu Usabato uliingia 1903 kwa hiyo hata bibi yangu alizaliwa ndani yake. Mleta mada, umenigusa. Niongeze jambo moja ambalo watu wa Jumapili huwa mnalisahau: Sabato hailindwi siku yenyewe, inalindwa siku ya maandalio. Kwetu Ijumaa mchana nyumba nzima inachangamka. Nguo zinanyooshwa, viatu vinapigwa kiwi, kuni zinaingizwa ndani, chakula cha kesho kinapikwa, mnaoga mapema. Jua likizama mmekaa sebuleni mnaimba, mnafungua Sabato. Ukiingia na vyombo vichafu utazifikiria sufuria siku nzima.

Mana, kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani, nayo ilikuwa hivyo, Kutoka 16. Siku ya sita waliokota pishi mbili kwa kila mtu badala ya moja. Siku za kawaida aliyebakiza mpaka asubuhi alikuta mabuu na uvundo, ila ya siku ya sita haikuharibika. Waliotoka siku ya saba kuokota hawakukuta kitu.

Pamoja na hayo nikiri: nimekaa Dar miaka kumi na mbili, na Sabato nyingi nimezifungua nikiwa nimekwama kwenye foleni ya Mbagala, kichwani nina hasira.

Mchangiaji 3

Waaleykum salaam. Nina duka la vitambaa Kariakoo. Sisi tumerahisishiwa na adhana, maana haikuulizi kama una nafasi. Marehemu baba alikuwa anageuza kibao mlangoni, na mteja akiwa ameshika kitambaa alimwambia, "Mama, kaa kwenye kiti, nakuja." Wengi walimsubiri. Mimi nilipoachiwa duka nikaanza kusema ngoja nimmalizie huyu, ngoja na huyu, Adhuhuri ikawa inasogea mpaka inakaribiana na Alasiri. Na sasa soko limeanza kufanya kazi saa 24, kishawishi kimekuwa mara mbili.

Sura ya Al-Jumua aya ya 9 inasema ikiadhiniwa sala siku ya Ijumaa nendeni kwenye dhikri ya Mwenyezi Mungu "na wacheni biashara". Inayofuata inasema sala ikiisha tawanyikeni katika nchi mtafute fadhila zake. Biashara haikuharamishwa. Imeambiwa isimame kidogo, halafu irudi.

Mleta uzi

Kaka yangu wa Kariakoo, umenipa kitu! "Wacheni." Zaburi 46:10 kwetu ni "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Nilidhani ni mstari wa utulivu, wa kuandikwa kwenye kalenda yenye picha ya ziwa. Nimerudi kuisoma yote: milima inatetemeka, mataifa yanaghadhibika, Mungu anavunja upinde na kuchoma magari ya vita, ndipo inakuja "Acheni". Ni amri kwa watu wenye silaha mkononi. Weka chini hicho ulichoshika. Kwangu ni mwiko na simu.

Mchangiaji 4 (muuguzi)

Mimi niko wodi ya wazazi, zamu za usiku. Sina Jumapili wala Ijumaa, mtoto akija anakuja. Dakika ishirini za kukaa bila simu sizijui. Nikirudi nyumbani saa tatu asubuhi nalala na sare. Najiona nimerudi nyuma kiroho na sina wa kumwambia.

Mchangiaji 5 (mwinjilisti, KKKT, kanisa la Kilutheri)

Binti, usijihukumu. Someni 1 Wafalme 19. Eliya amechoka, anaomba afe, amelala chini ya mretemu. Malaika hakumletea mahubiri, alimletea mkate na maji, akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, baada ya siku arobaini za kutembea. Kwako leo, kulala na sare kunaweza kuwa ndiyo mkate ule.

Jambo la pili. Mwaka 1535 Martin Luther aliulizwa na kinyozi wake, mtu aliyeitwa Petro, akitaka kujua namna ya kuomba. Luther alimjibu kwa maandishi kamili, mtu msomi kwa fundi wa wembe. Anamtahadharisha na ile sauti inayosema subiri kidogo, nitaomba baada ya saa moja, kwanza nimalize hili, maana shughuli moja itaita nyingine mpaka siku iishe. Halafu anamwambia: kinyozi mwema macho na mawazo yako kwenye wembe na nywele. Akiwaza mengine na kupiga soga atamkata mtu pua au mdomo. Na sala ni hivyo hivyo, inataka moyo mzima. Nimekumbuka hili kwa sababu ya kidole cha mleta uzi. Alimfundisha achukue Baba Yetu, ombi moja moja, asikimbilie mwisho. Muuguzi, ombi moja kwa zamu moja. Ukinawa mikono kabla ya kumpokea mtoto, sema "Jina lako litukuzwe", ubaki hapo usiku wote.

Mchangiaji 6

Mimi kinyume chenu, shughuli zangu ni za kanisa. Katibu wa kamati ya ujenzi, mwanakwaya, mjumbe wa jumuiya, na mwezi huu vikao vya harusi viwili. Makundi ya WhatsApp ya kanisa pekee ninayo kumi na moja. Jumapili natoka saa saba nimebeba daftari la michango na sikumbuki somo lilikuwa nini. Mume wangu ameniambia Mungu ameniajiri bila likizo.

Mleta uzi

Dada, hilo ni zito kuliko langu, kwa sababu linafanana na utakatifu. Martha naye alikuwa anampikia Yesu mwenyewe, hakuwa sokoni. Nami namtetea Martha, maana wageni wasipopikiwa hawali. Lakini Yesu hakumwambia chakula chake kibaya. Alimwambia anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Na Matendo 6 inasema huduma ya chakula ilipowaelemea mitume hawakuifuta. Walichaguliwa watu saba waliojaa Roho na hekima, wakakabidhiwa, mitume wakabaki na kuomba na Neno. Je, daftari hilo hakuna kijana anayeweza kulishika? Umewahi kuuliza?

Mchangiaji 6

Sijawahi. Kusema kweli nimekuwa naogopa kwamba ataliweza.

Mchangiaji 1 (dereva bodaboda)

Mama nimerudi. Nilimwonyesha bosi ulichoandika kuhusu matofali. Amesoma yote. Kasema nikitaka Jumapili nimrudishie pikipiki, wako wengi wanaoitaka.

Mleta uzi

Pole sana, mwanangu. Nimesoma nikiwa kituoni nikakosa basi. Usiirudishe, una watoto.

Hapa kwetu Kimara ibada ya kwanza inaanza saa kumi na mbili na nusu na saa mbili watu wanatoka. Muda ule abiria wako wengi bado wamelala. Njoo na pikipiki, geti la upande wa kushoto lina mlinzi, mwambie umetumwa na mama wa chakula, atakuonyesha pa kuegesha. Ibada ikiisha kaa nje ya geti, tuko wanawake wengi tunaokwenda njia ya Mbezi na nitawaambia wakupande wewe. Hesabu ya Jumapili hii tutaanza kuitafuta pamoja. Chai ya maziwa na chapati zitakuwepo kwangu, nimezipika Jumamosi.